Mji wa Dakika Tano

Siku Kimya alipoufuta mji wetu, nilikuwa nimevaa gauni jipya. Nalitaja gauni kwa sababu fundi wa mashine havai gauni kazini hivihivi, na sababu ilikuwa yeye. Ijumaa jioni aliniambia, "Kesho asubuhi nina neno na wewe, kabla watu hawajajaa." Mimi si mtoto, nilijua ni neno gani. Dada yake alikuwa ameshampigia mama simu kuomba familia zikutane Jumapili. Basi Jumamosi nikalipiga pasi gauni la bluu, nikasugua mikono kwa limau mpaka harufu ya kulehemu ikapungua, nikatoka nyumbani kichwa juu.

Ukumbi wa gemu ni wetu, mimi na mama. Uko kati ya kituo cha mabasi na lango la hospitali, katika chumba kilichokuwa duka la viatu, na hadi leo mvua ikinyesha unanukia ngozi kidogo. Una skrini tisa. Nane ziko ndani, zimepangwa safu mbili, na huko ndiko wanakokaa wanaocheza kwa dhati, wale wenye timu na ratiba ya mazoezi, wanaokuja na vitambaa vyao vya kufutia padi za kuchezea. Ya tisa iko peke yake mlangoni, imeelekea barabarani. Hiyo ya mlangoni ina sheria moja, niliyoiandika kwa mkono wangu nikaibandika ukutani: kila mtu dakika tano, kengele ikilia unainuka, hata kama umebakiza kitufe kimoja. Kengele yenyewe ni saa ndogo ya jikoni, na mama ndiye anayeishika. Tangu tufungue hajamwongezea mtu hata nusu dakika.

Pale mlangoni tuliweka gemu moja tu, ya kujenga mji. Anayekaa anaendelea pale alipoishia aliyemtangulia. Kwa miaka minne watu wanaosubiri basi, wanaosubiri majibu ya maabara, wanaojificha mvua, walikuwa wamejenga mji mzima kwa dakika tano tano. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alikuwa na nyumba yenye bustani, na kila asubuhi akitoka kazini alipanda ua moja akaenda kulala. Fundi wa funguo wa ng'ambo ya barabara alijenga mnara wa saa, akaubomoa, akaujenga tena upya. Mama alichimba kisima katikati ya barabara kuu na akakataa katakata kukihamisha. Juu ya mto palikuwa na daraja refu la matao saba, zuri kuliko kitu kingine chochote mle, na hakuna aliyejitokeza kusema ni lake. Ukimwuliza mama, anajitia hamnazo.

Na Kimya? Kimya ni jina alilopewa na wenzake kwa sababu hucheza bila kutoa sauti, hata akishinda, na alishinda mara nyingi. Mchana ni fundi wa miwani, anasaga vioo kwenye duka lililo karibu na hospitali. Jioni ni nahodha wa timu yetu. Kabatini kuna makombe matatu, na yote matatu yamepitia mikononi mwake. Lakini mimi sikumpendea makombe. Nilimpendea padi. Kazi yangu ni kufungua padi zilizochoka, na ukishafungua za kutosha unamjua mtu kabla hujamjua uso. Wengi huzibana kwa hasira, vitufe vikapinda. Yake ilikuja mezani kwangu ikiwa imechakaa sawasawa kila upande, safi ndani mpaka kwenye kona, kazi ya mtu asiyefanya chochote nusunusu. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipokuja kuichukua akasema, "Nani kakufundisha kukaza skrubu namna hii?" na hapo nikawa nimekwisha.

Sasa turudi Jumamosi.

Nilimkuta keshafungua, maana nilikuwa nimempa ufunguo kwa ajili ya mazoezi ya asubuhi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine ya mlangoni. Aliposikia viatu vyangu akageuka, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, mpaka nikaona haya.

"Umependeza, Fundi," akasema. Yeye hana maneno mengi, kwa hiyo machache aliyonayo nayaweka.

"Mbona uko huku mlangoni?"

"Nakupunguzia kazi. Njoo uone."

Nikasogea. Kwenye skrini palikuwa na picha ya gemu ya mashindano, ile ya timu, inawaka rangi zake zote.

"Mashindano ni wiki ijayo," akasema, "na mashine ya mwenzetu wa nne inakwama tangu Jumatano. Ulisema kipuri kitachelewa. Nikaona nisikusumbue, nikapakia gemu hapa. Mwanzoni iligoma, nafasi ilikuwa imejaa. Kulikuwa na faili kubwa la zamani, halina mwenyewe. Nikalifuta."

"Faili gani?"

"La ile gemu ya kujengajenga. Sehemu ya jina la mchezaji ilikuwa tupu. Nikaufungua mji wenyewe nikautazama, ovyo ovyo tu. Kisima katikati ya barabara. Nyumba moja ina maua mpaka mlango hauonekani. Nikajua ni mabaki ya majaribio yako."

Niliketi kwenye kile kiti cha mlangoni, na gauni langu.

"Kimya, lile faili lilikuwa na wenyewe."

"Nani?"

Nikamwonyesha nje. Kituoni palikuwa na watu kumi na wawili hivi, mmoja anafunga kamba ya kiatu, wawili wanabishana juu ya basi lililopita. "Hao," nikasema. "Halikuwa na jina kwa sababu majina yasingetosha."

Rangi ya uso wake ikabadilika. Alinitazama, akaitazama skrini, akanitazama tena, na kwa kitambo kidogo niliona kwamba ameelewa. Angeishia hapo, hadithi hii isingeandikwa.

"Nisamehe," akasema. "Sikujua. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini tuseme ukweli, Fundi. Ni gemu ya kupotezea dakika tano. Hakuna aliyetoka jasho pale."

"Endelea."

"Usinitazame hivyo."

"Nakutazama kwa macho niliyonayo. Endelea."

Akainuka. Kimya akianza kusema jambo hulimaliza, hiyo ndiyo tabia niliyompendea, na siku ile niliichukia. "Unayaona makombe yale?" akasema. "Ni miaka kumi ile. Nimefanya mazoezi na homa. Nimekosa harusi ya rafiki yangu wa utotoni. Sisi ndio tunaozijua gemu hizi mpaka ndani kabisa. Sisi ndio tunaowafundisha wengine, ndio tunaowaandikia waliozitengeneza kuwaambia wamekosea wapi, na wanarekebisha. Watu wanautaja ukumbi huu kwa sababu ya timu. Hao wa mlangoni basi likija wanaondoka. Hawajui hata gemu inaitwaje."

"Wana haja gani ya kujua inaitwaje?"

"Mtu anayependa kitu hulijua jina lake."

"Muuguzi anatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi. Usiku kucha amegeuza wagonjwa, mgongo unamuuma. Anakaa hapa, anapanda ua moja, anacheka peke yake, anaenda zake. Huyo si mchezaji?"

"Huyo ni mteja."

Neno lile lilinichoma kuliko kufutwa kwa mji wenyewe. Nilisimama, na ingawa Kimya ananizidi kimo kwa kichwa kizima, siku ile nilimwona mfupi.

"Na mimi ni nani?" nikamwuliza. "Mimi sina kombe. Nacheza dakika tano nikishafunga skrubu ya mwisho. Mama yangu ni nani? Unajua tulianzaje hapa? Tulianza na skrini hii moja. Hii hapa, mlangoni, kwa sababu ndani palikuwa bado pana rafu za viatu. Watu wa kituoni walikaa, wakapenda, wakarudi na ndugu zao. Zile nane unazozionea fahari zilikuja kwa sababu ya hii. Wewe ulikuja wa mwisho, Kimya, ukakuta kiti chako kina mto."

"Usiligeuze. Nimesema gemu, sikukusema wewe."

"Miaka minne umepita mbele ya skrini hii kila siku ya Mungu. Hukuwahi kusimama?"

Kwa sauti ya chini akasema jambo ambalo lingepaswa kutuokoa. "Si una nakala? Kila Ijumaa unanakili mafaili kwenye flashi. Lirudishe tu, mimi nitaondoa gemu yangu sasa hivi."

Sikumjibu. Nilinyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Aliutoa kwenye mnyororo wake, akauweka kiganjani mwangu, na vidole vyake vikakaa juu ya vyangu kidogo. Nilitamani kuvishika. Sikuvishika.

"Na neno langu?" akauliza.

"Neno lako litasubiri. Siku utakayopanga foleni hapa na watu wengine, ukakaa, kengele ikalia nawe ukainuka, siku hiyo nitalisikia."

"Sijawahi kuinuka katikati ya mchezo maisha yangu yote."

"Najua. Nakujua vizuri."

Akaenda mpaka kizingitini, akageuka, akanitazama na lile gauni langu la bluu. Halafu akatoka, akakatiza kituoni katikati ya watu aliowaita wateja, na hakugeuka tena.

Nilipobaki peke yangu nikafungua droo nikatoa flashi. Nilijua nitakachokikuta, ndiyo maana sikumjibu. Kulikuwa na folda ya kila mchezaji wa timu, ya Kimya ya kwanza, zimepangwa kwa tarehe, hakuna Ijumaa hata moja iliyorukwa. Mji haukuwemo. Miaka minne nilinakili kila hatua ya wanaocheza kwa dhati, na mji wa watu ninaojigamba nao sikuwahi kuunakili hata mara moja. Nilikaa na aibu yangu mpaka mama alipoingia na saa yake ya jikoni mkononi.

Nilimweleza habari ya Kimya. Habari ya flashi nikaimeza.

Niliiondoa gemu ya timu, na siku ile skrini ya mlangoni ilikuwa na uwanja mtupu wa kijani na mto unaopita katikati. Muuguzi alikuja na sare yake, akakaa, akakodoa macho. "Nyumba yangu iko wapi?" akauliza. Mama akamwambia. Muuguzi akasema, "Basi, ni gemu tu," akainuka kabla kengele haijalia, na hakupanda kitu.

"Kesho tuahirishe?" mama aliniuliza mchana.

"Kwa nini? Waje."

"Unampenda?"

"Nampenda, mama. Hilo ndilo linaloniudhi."

*

Baba yangu hayupo tena duniani, kwa hiyo Jumapili aliyekaa kwenye kiti cha mbele alikuwa mjomba, kaka yake mama. Mjomba alifanya kazi ya kusimamia ujenzi wa barabara miaka thelathini na mbili, akastaafu, na tangu astaafu anaisimamia familia. Hajawahi kuficha maoni yake juu ya kazi yetu. Ukumbi wa gemu huuita "lile jambo lenu". Kila Alhamisi hupita pale, husema kwamba anakuja kututazama tu, nami huwa nimejifungia chumba cha nyuma na mashine zangu.

Kimya alikuja na dada yake, mwanamke mpole anayefundisha shule ya msingi. Kimya alikuwa amevaa shati jeupe na amekonda usiku mmoja. Aliniangalia mara moja tu, akainamisha macho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Keti." Mjomba akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimeambiwa wewe ni fundi wa miwani. Hiyo ni kazi, sina neno nayo. Lakini nimeambiwa pia kwamba ukitoka kazini unakwenda kubofya vitufe. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja, mjomba."

"Thelathini na moja. Mimi katika umri huo nilikuwa nimeshapasua milima. Mpwa wangu ana akili, ana mikono ya kazi, ana mlango wake mjini. Niambie kwa nini nimpe mtu anayecheza."

Dada mtu akafungua kinywa, Kimya akamgusa mkono.

"Kabla hujaamua, mjomba," akasema, "kuna jambo lazima ulijue, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwingine. Jana nimeharibu kitu pale ukumbini. Kulikuwa na mji kwenye skrini ya mlangoni, watu wameujenga miaka minne. Nimeufuta."

Nilimshangaa. Hakuna aliyemtuma. Mjomba asingejua kamwe, na Kimya alikuwa akijipalia makaa mwenyewe mbele ya mtu anayetafuta sababu ya kumkatalia.

"Umefuta nini?" mjomba akauliza.

"Mji wote. Niliona hauna jina la mchezaji, nikadhani ni takataka. Niliposahihishwa, badala ya kuomba radhi nikaanza kujitetea, nikasema watu wale si wachezaji. Nilifikiri mchezaji ni mtu kama mimi tu. Jana mchana nikaenda kwa fundi wa funguo kumwomba msamaha. Akanichorea mnara wake kwenye boksi la kufuli, kila dirisha, wala hakunitukana. Nimerudi nyumbani sijisikii bingwa wa kitu chochote."

Mjomba alikuwa ameshika mikono ya kiti.

"Mji wote?" akasema tena, na sauti yake haikuwa ile ya kupasua milima. "Na daraja?"

"Daraja, mjomba?"

"La matao saba."

Nikamgeukia mama. Mama alikuwa anatazama dari.

"Mjomba," nikasema, "lile daraja ni lako?"

"Mimi nimejenga barabara miaka thelathini na mbili," mjomba akasema, hakumwangalia yeyote. "Nimefikisha barabara mpaka ukingo wa mto mara kumi na nne. Madaraja walikuwa wanapewa wengine. Mimi nikifika ukingoni nakusanya watu wangu naondoka. Pale kwenu tao moja lilinichukua Alhamisi tisa. Dada yako wewe," akamnyoshea mama kidole kana kwamba mama ndiye mpwa wake, "hata siku ya tao la mwisho hakuniongezea dakika."

"Sheria ni sheria, kaka," mama akasema.

Kimya alikuwa ameshuka kwenye kiti, amepiga magoti kwenye zulia, na sidhani alijua kama amepiga magoti. "Nililiona," akasema. "Nilipoufungua ule mji, nililiona. Kati ya vyote ni hilo tu lililonifanya nisite. Nikajiambia, huyu aliyejenga hili anajua anachofanya. Halafu nikafuta. Nisamehe, mzee wangu. Kosa ni langu lote."

Langu lote, alisema. Alijua habari ya flashi. Aliniuliza juu ya nakala, akaona sikujibu, na mtu anayesoma mchezo kwa macho namna yake hawezi kuwa hakuelewa. Angeweza kunigawia nusu ya mzigo pale pale. Alijitwika wote, shati jeupe na kila kitu. Nami nina kiburi, sikatai, lakini kiburi changu hakikubali kusimama juu ya mgongo wa mtu mwingine.

"Si lote," nikasema. "Mjomba, mama, kila Ijumaa nanakili mafaili ya timu. Ya mji sikuwahi kunakili. Ningekuwa nimenakili, jana tungeurudisha kwa dakika mbili. Nimemfukuza mwenzangu kwa kuwadharau watu wa mlangoni, na mimi nimewadharau miaka minne bila hata kujua."

Kimya akainua uso. Tuliangaliana kwa mara ya kwanza tangu aingie, na nikaona macho yamemlowa, ya mtu ambaye hutwaa kombe bila kupepesa.

Mjomba alivua miwani tena, safari hii hakuifuta. "Sasa ni hivi," akasema. "Mtu aliyekosea anaweza kuja kwangu na maneno matamu na zawadi. Wewe umekuja na kosa lako mkononi. Bado sijakubali. Lakini ukumbi unafunguliwa saa ngapi leo?"

"Saa nane," mama akasema.

"Basi tunakaa hapa tunafanya nini?"

*

Sijui nani alieneza habari, nadhani ni fundi wa funguo, maana mtu akisema jambo pale kwake, kituo kizima kinalijua. Tulipofika palikuwa na foleni. Kimya alikuwa amekuja na lile boksi lenye mchoro wa mnara, akataka kumpa mwenyewe. "Ubaki nalo," fundi wa funguo akamwambia. "Mimi mnara ninao kichwani. Na safari hii nitaweka saa kubwa zaidi."

Kimya akaenda nyuma ya foleni. Mbele yake kidogo palikuwa na mama mmoja mwenye mfuko wa mboga, aliyemwuliza, "Wewe si yule wa makombe? Nenda kule ndani bwana, utachelewa." Akajibu, "Hapana, mama, hapa ndipo kwangu leo." Timu yake ilitoka ndani kumtazama, wakacheka kidogo, halafu mmoja wao akaja kusimama nyuma yake, na wa pili, na wa tatu.

Fundi wa funguo akaweka msingi wa mnara. Mama mwenye mboga akauliza kitufe cha kupanda mti ni kipi, akapanda miti minne, akaondoka na basi lake. Muuguzi hakuwa zamu siku ile, alikuja na nguo za nyumbani, sikuwahi kumwona bila sare, akarudisha nyumba yake na ua moja mbele. Nilisimama kando, mikono nimekunja, na nilijisikia fahari iliyonijaa mpaka kooni.

Zamu ya Kimya ikafika. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, magoti yakimzidi, akashika padi. Mjomba akavuta stuli akaketi ubavuni pake.

"Nielekeze, mzee wangu. Lilianzia wapi?"

"Ukingo wa kushoto, kwenye mwamba. Usianzie kwenye mchanga, litakaa leo na kesho halipo."

Mama akazungusha saa. Nimemtazama Kimya akicheza mara nyingi sana, lakini sikuwahi kumwona akicheza kwa kuambiwa. Vidole vile vilivyochukua makombe matatu vilikuwa vinamfuata mzee. "Inua kidogo. Zaidi. Hapo, shusha nguzo." Nguzo ikashuka. "Sasa pinda." Tao likaanza kupanda kutoka mwambani, kwa kasi ambayo mjomba hakuwahi kuwa nayo, jiwe baada ya jiwe, na watu waliokuwa wanasubiri basi wakaacha kuangalia barabara. Kimya aliniambia baadaye kwamba dakika zile alisahau kabisa kuna mashindano. Tao likapita kilele, likaanza kuteremka. Yalibaki mawe matatu. Yakabaki mawili. Likabaki jiwe moja la kufunga tao, limesimama hewani, kidole gumba kiko juu ya kitufe.

Kengele ikalia.

Niliona mabega yake yakikakamaa. Kitufe kimoja tu. Hakuna mtu pale ambaye angemlaumu, hata mama nadhani angeangalia pembeni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mjomba alikuwa anamtazama yeye, hatazami skrini.

Kimya akainua kidole. Akasimama, akaigeuza padi, akamkabidhi mjomba kwa mikono miwili.

"Zamu yako, mzee wangu," akasema. "Limalizie."

Mjomba aliipokea, akakaa kwenye kiti, akarekebisha miwani, akaweka jiwe. Foleni nzima ikapiga makofi, na yule wa nyuma akauliza kuna nini. Kimya hakupiga makofi. Alikuwa amesimama kando ya kiti na mikono mitupu, ananitazama mimi, anangoja.

"Haya, Fundi," mjomba akaanza, macho bado kwenye skrini, "kuhusu huyu kijana, mimi nilikuwa nataka kukuuliza..."

"Nimekubali, mjomba," nikasema.